Chale kwenye modeli ya mtu ya 3D: upake rangi, utumie nomali mapu au uinue ngozi kabisa?

Mchana mimi ni mtu wa hina na piko hapa Malindi, nachora mabibi harusi, usiku ndo nafungua laptopu natengeneza watu wa 3D. Tangu mwaka jana nimeshikilia kitu kimoja tu, kuweka chale na nembo za makabila kwenye ngozi ya modeli zikae kama zimechanjwa kweli, zisikae kama stika. Naandikia mtu aliye pale nilipokuwa mimi, modeli iko tayari, mchoro unao, lakini hujui uuweke kwa njia gani, na kila video unayofungua inakwambia njia ya huyo mwenye video ndo sawa.

Jibu langu la haraka: usianze na programu, anza na kovu lenyewe. Uliza ngozi ya mtu wa kweli ikoje pale. Kama kovu limesimama unalishika, ngozi ya modeli lazima iinuke, hiyo ni displesimenti. Kama ni mfereji mwembamba au mstari uliopona ukabaki bapa, nomali mapu inatosha, ile picha inayodanganya mwanga bila kuinua kitu. Kama chale ilijazwa masizi ikabaki rangi, rangi ndo kazi kubwa, bampu, yaani mwinuko wa uongo wa kivuli tu, unaiweka kidogo sana. Mimi nilipindua hili mwanzoni nikapoteza wiki nzima, nitalieleza huko mbele.

Kuzielewa hizi njia chukua vitu viwili tunavyovijua huku pwani. Cha kwanza hina. Rangi imeingia kwenye ngozi lakini ukipitisha kidole husikii kitu. Cha pili mlango wa nakshi. Ndugu yangu ni fundi wa milango, anachora ua kwa penseli halafu anashika patasi anachimba mbao ya pembeni mpaka ua linabaki limesimama peke yake, hata stima ikipotea kidole kinalisoma. Kupaka rangi kwenye teksicha, ile picha inayoifunika modeli kama ngozi, ni hina, displesimenti ni mlango. Nomali mapu iko katikati na haina mfano wake nyumbani, ni kama ubao ulio bapa kabisa lakini kila sehemu ndogo inaiambia taa "mimi nimelala hivi", taa inaamini, kivuli kinaanguka mahali pake, ila ubao haujachimbwa hata kidogo.

Sasa makovu yenyewe, manake watu wanasema "chale" kana kwamba ni kitu kimoja. Waturkana na Wapokot wanaweka nukta zilizopangwa mistari, begani na kifuani, ngozi inavutwa juu kwa mwiba halafu inakatwa kile kincha kilichoinuka, likipona linabaki kinundu. Wasurma na Wamursi wa Ethiopia nao wana nukta na mistari iliyosimama hivyo hivyo. Wadatoga wa Tanzania wana nukta zinazozunguka macho. Wanuer wa Sudan Kusini, wanaume wao wana mistari sita inayopita kipaji chote cha uso kutoka sikio hadi sikio, wanaiita gaar, kijana anakatwa pale anapotoka utoto kuingia utu uzima. Wayoruba wa Nigeria wana aina nyingi za alama za uso, mojawapo ni pele, mistari mitatu mifupi ya kusimama kwenye kila shavu. Halafu kuna Wamakonde, ambao nembo zao wanaziita dinembo, chale ndogo ndogo zinakatwa kisha masizi yanasuguliwa ndani, zikipona zinabaki na rangi ya giza iliyokaribia buluu, mistari sambamba na zigizaga na pembe pembe usoni.

Unaona tofauti? Hao wa kwanza ni mlango. Pele ya mzee ni kama mtu amevuta ukucha kwenye udongo mbichi. Dinembo iko karibu na hina kuliko mlango. Mimi sikujua.

Mhusika wangu wa kwanza alikuwa bibi wa Kimakonde, wa hadithi fupi ya watoto. Nikatafuta picha za kuangalizia nikapata nzuri sana, uso wenye mistari minene iliyosimama kama kamba, nikafurahi, nikainua kila mstari milimita 2. Ilinichukua siku nne kupanga mistari ile kwenye mashavu. Kisha nikampelekea bibi mmoja Mmakonde, mama wa mchongaji ninayemfahamu, ana nembo zake usoni tangu usichana. (Wamakonde wa Kenya wengi wako Kwale, wazazi wao walikuja kwa kazi za mashamba ya mkonge, na ni 2017 tu ndo wametambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Yeye aliolewa akahamia huku.) Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, nikampa simu. Akaitazama kwa muda, akaiweka mbali na macho, akairudisha, akaniuliza, "Huyu kafanywa nini, kaungua?"

Nikanyamaza. Akanishika mkono akachukua kidole changu akakiweka shavuni kwake, "pitisha." Nikapitisha. Ngozi karibu bapa kabisa, unasikia kitu kidogo sana, kama mshono wa ndani wa kanzu iliyofuliwa miaka mingi, lakini rangi imo, imezama, haiko juu ya ngozi kama wino. "Ni masizi hayo, yameingia ndani."

Nikarudi nyumbani nikaiangalia tena ile picha yangu ya mfano, na kumbe sio uso wa mtu. Ilikuwa barakoa ya mapiko, zile za ngoma za Wamakonde zinazovaliwa kichwa kizima, na kwenye barakoa nembo zinabandikwa kwa nta ya nyuki, ndo maana zimesimama vile. Nta. Mimi nikaiga nta nikaiweka kwenye shavu la mama wa watu. Tangu siku hiyo sifungui programu mpaka niwe na picha ya ngozi ya mtu hai, iliyopigwa mwanga ukitoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele unaficha kila kitu.

Baada ya hapo ndo nikafanya jaribio la kuziweka hizi njia pamoja. Nikachukua bega moja, nikalinakili mara tatu kwenye sini moja (mandhari moja) ya Blender, programu ya 3D ninayotumia, nukta zilezile za mtindo wa Kiturkana, kila nukta milimita 5, taa moja. La kwanza rangi tu. La pili rangi na nomali mapu. La tatu rangi na displesimenti. Taa ikiwa mbele, ukiwa mbali kidogo, yote matatu yanafanana, na mtu akiangalia kwenye simu hatakwambia lipi ni lipi. Nikaizungusha taa mpaka ikawa ubavuni, kama jua la saa kumi na moja jioni, na bega la kwanza likafa hapohapo, nukta zikabaki madoa. La pili na la tatu bado yanafanana. Kisha nikazungusha kamera mpaka naona ukingo wa bega dhidi ya ukuta mweupe, na hapo bega la pili nalo likajitoa, ukingo wake laini kama yai, wakati la tatu ukingo una vinundu, kimoja, kingine, kingine, hadi mgongoni. Hicho ndo kitu ambacho nomali mapu haiwezi na haitaweza kukupa, mchoro wa ukingo, kwa sababu meshi, yaani umbo lenyewe la modeli, haijaguswa.

Kwa hiyo swali la pili baada ya aina ya kovu ni hili, kamera yako itakaribia kiasi gani na itaona ukingo au haitaona? Mhusika anayepita nyuma sokoni hahitaji displesimenti. Picha ya uso iliyojaza skrini, mtu ametazama pembeni, inahitaji.

Rangi tu

Inafaa kwa dinembo, inafaa kwa alama za zamani zilizopona zikabaki kivuli, na inafaa kwa mashine dhaifu. Nzuri yake kubwa ni kwamba unaweza kuifanya kwenye programu za kuchora, GIMP au Krita, zote bure, bila kujua 3D sana. Lakini usipake rangi nyeusi tupu. Masizi yaliyo chini ya ngozi unayaona kupitia ngozi, kwa hiyo weka leya yako (tabaka lako la mchoro) kwenye malitiplai, ile hali inayotia giza kilicho chini bila kukifunika, punguza nguvu yake, lainisha kingo kidogo, na usifute vitundu vya ngozi vilivyopo chini. Mtu wa hina anajua hii, rangi ya siku ya tatu sio rangi ya usiku ule ulipoibandua.

Shida yake ni mshono. Modeli nyingi ngozi yake imefunguliwa vipande ikalazwa bapa, kwa mfano Genesis 8, mtu wa tayari wa programu ya DAZ, uso una ramani yake (picha yake ya ngozi), kiwiliwili yake, mikono yake, miguu yake. Mchoro unaotoka shingoni kushuka kifuani unakatwa kati ya faili mbili na ukiuchora bapa kwenye GIMP hautakutana, utaona mstari umeruka. Hapo hamia Blender uchore moja kwa moja juu ya mwili, brashi inavuka mshono yenyewe. Begani pia ramani inavutika, duara ulilochora bapa linageuka yai, ni kama kuchora mkono wa bibi harusi kwenye karatasi halafu uulazimishe kwenye kiwiko.

Nomali mapu na bampu

Bampu ni picha ya kijivu, nyeupe juu nyeusi chini. Nomali mapu ni ile picha ya zambarau inayobeba mwelekeo, sio urefu. Kwa gemu ya simu usihangaike, nomali mapu ndo njia, simu haitakuvumilia na mamilioni ya poligoni, vile vipande vidogo bapa vinavyounda meshi. Angalia pia ukubwa, teksicha ya 4096 kwa 4096 ikifunguliwa bila kukandamizwa inakula megabaiti 64 za memori, ya 8192 inakula 256, na kila mhusika ana kadhaa.

Kosa moja hapa linawapata wengi na mimi lilinipata. Nilipeleka bega langu Unreal, injini ya kutengenezea gemu, nukta zote zikazama ndani, kama mtu amebonyezwa na kalamu. Nilidhani nimeharibu mchoro, nikarudia upya, zikazama tena. Sababu ni chaneli ya kijani, ile sehemu ya picha inayosema juu na chini. Blender na Unity (injini nyingine ya gemu) zinasoma nomali mapu kwa mtindo wa OpenGL, Unreal inasoma kwa mtindo wa DirectX, na kijani kiko kinyume. Unakigeuza tu, sekunde tatu, nukta zinasimama. Na ndani ya Blender yenyewe hakikisha ile picha ya nomali umeitoa kwenye sRGB, mpangilio wa picha za rangi, ukaiweka kama data isiyo rangi, la sivyo kivuli kinakuwa cha ajabu na huwezi kujua kwa nini.

Displesimenti

Hii ndo mlango wa ndugu yangu, na ndo ninayoipenda, lakini ina gharama na ni vizuri uione kwa hesabu kabla hujaanza. Ngozi ya mtu mzima ni kama mita mraba 1.7. Modeli ya Genesis 8 ina poligoni kama 16,000, yaani kwa wastani kila poligoni inafunika sentimita moja kwa moja hivi. Nukta yako ya milimita 5 inaingia nzima ndani ya poligoni moja, haina cha kuinua. Ukigawa meshi mara moja kila poligoni inakuwa nne, zinakuwa 64,000, mara mbili 256,000, mara tatu milioni 1 na kidogo, na hapo ndo poligoni inafika milimita 1.3, nukta inapata poligoni nne hivi kwa upana. Nne ni kinundu chenye pembe. Mara ya nne ni milioni 4, hapo nukta inakuwa duara la kweli, na laptopu yangu ya GB 8 hapo inasimama kabisa, feni inalia mpaka mama anauliza chumba cha pili kuna nini.

Nilichofanya ni kutenganisha. Nikakata bega na kifua tu wakawa meshi yao, hao ndo nikawagawa mara nne, mwili uliobaki ukakaa na mara mbili. Kama kamera haitaona mwili wote hii inatosha sana tu.

Faili la urefu, ile picha ya kijivu inayosema ngozi iinuke kiasi gani, liwe la biti 16 au zaidi. La biti 8 lina ngazi 256 peke yake, na ukiliinua utaona ngazi kwenye mteremko wa kovu, kama matuta ya shamba. GIMP tangu 2.10 inaweza, Krita pia. Na urefu uweke kwa kipimo cha kweli, Blender inahesabu kwa mita kwa hiyo kovu la milimita 2 ni 0.002, DAZ inahesabu kwa sentimita, huko ni 0.2. Watu wanaweka 0.1 Blender halafu wanashangaa mtu kaota pembe, hiyo ni sentimita kumi! Kama makovu yako yanapanda tu na hayashuki, mandhari ya picha iwe nyeusi tii na midileveli, kile kiwango cha kijivu kinachohesabiwa hakuna mwinuko, uiweke 0. Ukiiacha 0.5 na mandhari nyeusi, ngozi yote inazama ndani milimita moja, na mdomo na kope zinaanza kuonyesha meno na macho pasipotakiwa. Na ukitumia Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, angalia settingi ya materio (material), isiwe imebaki kwenye bampu tu, manake utagawa meshi mpaka asubuhi na hakuna kitakachoinuka.

Kuna kitu kinasahaulika kwenye njia zote tatu nacho ndo kinamfanya mtu aamini. Ngozi ya kovu sio ngozi ya kawaida. Haina vitundu, haina malaika, ni laini na inang'aa zaidi. Kwa hiyo kwenye ramani ya rafunesi, inayosema wapi ngozi ing'ae na wapi ifubae, fanya juu ya nundu pawe na mng'ao kuliko pembeni, na futa vitundu vya bampu pale juu. Nilipofanya hili kwenye bega la pili, lile la nomali mapu, lilipanda kiasi kwamba nilisita kama kweli nahitaji la tatu. Rangi ya kovu nayo usiifanye ya pinki ukidhani kovu ni pinki, kwenye ngozi nyeusi nundu iliyopona mara nyingi inakuwa nyeusi zaidi au imepauka kidogo, tazama picha yako.

Programu sitakaa nazo sana. Blender bure na inafanya yote haya. ZBrush inabeba mamilioni ya poligoni bila kulalamika, ukichonga kovu kwa mkono huko utasikia raha, ila inalipiwa kila mwezi au mwaka. DAZ Studio ni bure na ina sehemu ya kupanga leya za picha juu ya ngozi bila kuharibu teksicha ya asili, kwa mtu wa rangi tu hiyo ndo rahisi kuliko zote, lakini soma leseni, picha ulizorenda, yaani ulizotoa kutoka kwenye modeli, ni zako, kuingiza modeli yenyewe ndani ya gemu ni leseni nyingine. MakeHuman, programu ya kuunda miili ya watu, mwili wake ukishautoa uko huru kabisa, ndo nauanzia sasa. Laptopu dhaifu na hadithi ya watoto, MakeHuman na Blender na rangi. Gemu, chonga kwa meshi nzito halafu ubeki nomali mapu, yaani uhamishe maumbo yale kuwa picha, kwenye meshi nyepesi. Picha moja kubwa ya kuning'iniza ukutani, displesimenti, vumilia feni.

Kuhusu michoro, naomba kwa moyo wote usichukue zile pakiti za "kikabila" za kupakua zilizochanganya kila kitu. Mistari sita ya Wanuer ni ya mwanamume aliyepitishwa, ukimwekea binti wa miaka kumi umeandika uongo usoni mwake na kuna watu wataisoma. Angalia na umri wa mhusika. Nigeria sheria ya haki za mtoto ya 2003 inakataza kumchanja mtoto alama, na kwa Wamakonde, wenye dinembo leo ni wazee, kwa hiyo kijana wa chuo wa leo mwenye uso uliojaa nembo anahitaji sababu ndani ya hadithi yako.

Yule bibi wa hadithi nilimrudia mwanzo. Nikafuta displesimenti yote, nikapaka rangi leya mbili, moja ya buluu ya giza chini, moja ya kahawia ya ngozi juu yake nyembamba, bampu ya milimita 0.2 tu. Nikampelekea tena mama wa mchongaji. Safari hii hakuiweka simu mbali. Akaikuza kwa vidole viwili, akafuata mstari mmoja mmoja kwa ukucha, akafika pembeni ya pua akasimama. "Hapa wameniwekea minne, wewe umeweka mitatu." Nikahesabu shavuni kwake, ni kweli, wa nne umefifia na umeingia kwenye mkunjo. Usiku nikauongeza, pikseli 9 upana, nguvu nusu ya ile mingine.